Tangi la Dizeli Juu ya Ardhi: Namna ya Kuliandaa Lipite Ukaguzi

Maombi mengi ya kuhifadhi dizeli kwa matumizi ya kampuni, shamba, hospitali au shule yanakwama mahali palepale. Tangi limeshasimama, ukuta wa kuzuia mafuta umeshapigwa lipu na rangi, halafu mkaguzi anakuja na futi yake, anapima, anapiga hesabu na kuandika kwamba hautoshi. Fundi anarudi kuongeza kozi mbili za tofali juu ya ukuta ambao haukuwekewa nondo. Ukaguzi wa pili nao unakwama.

Mwongozo huu ni wa tangi la chuma la dizeli, kuanzia lita 5,000 hadi 50,000 hivi, lililo juu ya ardhi Tanzania Bara. Zanzibar msimamizi ni ZURA, mamlaka ya huduma, na Kenya ni EPRA (nishati) pamoja na NEMA (mazingira). Karatasi zinatofautiana, lakini hesabu za tangi na ukuta ni zilezile. Usiutumie kwa petroli: mvuke wake unashika moto hata penye baridi ya chini ya sifuri, na masharti yake ni mengine.

## Andaa hivi kwanza

Karatasi:

- Hati au mkataba wa kiwanja, na uthibitisho wa halmashauri kwamba matumizi hayo yanaruhusiwa hapo
- Mchoro wa eneo unaoonyesha tangi, majengo, mpaka, barabara, mitaro, kisima au mto ulio karibu
- Mchoro wa tangi: kipenyo, urefu, unene wa bati, matundu yote
- Cheti cha mtengenezaji, au ripoti ya upimaji wa unene kama tangi limeshatumika

Vifaa vya kazi:

- Futi ya mita 30, pima maji, chaki ya mafuta
- Maji ya kutosha kujaza tangi lote, na baadaye beseni lote la ukuta, yaani nafasi iliyozungushiwa ukuta wa kuzuia mafuta
- Fimbo ya kupimia mafuta na dawa ya kupaka inayobadilika rangi ikigusa maji
- Kipima ethi (waya unaopeleka umeme ardhini) na fundi umeme mwenye leseni
- Kufuli zisizopungua tatu, daftari gumu lenye kurasa zenye namba

Daftari linaonekana dogo kwenye orodha hii. Ndilo litakalosomwa kwa muda mrefu kuliko kitu kingine chochote siku ya ukaguzi.

## Hatua ya 1: Pata idhini kabla ya zege

EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, kwa Sheria ya Petroli ya 2015, hutoa kibali cha ujenzi kwanza, kisha leseni baada ya kazi kukamilika na kukaguliwa. Ukijenga kwanza umeshavunja sharti kabla hujanunua hata lita moja, na kila kosa la mchoro linageuka kuwa kosa la zege.

Mpangilio unaopunguza kurudishwa ni huu: halmashauri kwa matumizi ya ardhi na kibali cha jengo, NEMC kwa masuala ya mazingira, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa idhini ya michoro, ndipo EWURA kwa kibali cha ujenzi. OSHA wanakuja kwa upande wa wafanyakazi, na Wakala wa Vipimo kwa upimaji wa ujazo wa tangi.

Mchoro uwe mmoja kwa ofisi zote. Faili nyingi huchelewa kwa sababu NEMC walipelekewa tangi la lita 20,000, Zimamoto wakaonyeshwa la 30,000, na uwanjani limesimama la tatu. Ukibadilisha kitu, badilisha nakala zote na uandike tarehe mpya kwenye kona ya mchoro.

Umefanikiwa hapa ukiwa na vibali vyote mkononi, vyenye ujazo uleule na namba ileile ya kiwanja, na shimo la msingi bado halijachimbwa.

## Hatua ya 2: Lijue tangi lako, hasa kama ni la mtumba

Tangi la mtumba si kosa kisheria, lakini ndilo linalohitaji macho makali zaidi. Tarehe 2 Januari 1988, huko Floreffe, Pennsylvania nchini Marekani, tangi kubwa lililounganishwa upya kwa bati za miaka 40 lilipasuka lilipojazwa dizeli kwa mara ya kwanza pale lilipohamishiwa. Halikuwa limejaribiwa kwa kujazwa maji hadi juu. Wimbi la dizeli liliruka kingo za kuzuia mafuta, na takriban lita milioni 2.8 zikaingia mto Monongahela. Ufa ulianzia kwenye kasoro ndogo karibu na mshono wa kuchomelea.

Kwa hiyo fanya haya mawili.

Kwanza, pima unene wa bati kwa kifaa cha mawimbi ya sauti. Usichukue kipimo kimoja ubavuni ukatosheka. Sehemu inayoliwa zaidi ni tumboni chini, kwa sababu maji hutulia chini ya dizeli na kutu huanzia hapo. Kwenye tangi la kulala, pima mstari mzima wa chini, kila baada ya sentimeta 50, pamoja na pale linapokalia miguu yake.

Pili, lijaze maji hadi juu na uliache saa 24. Maji ni mazito kuliko dizeli: lita moja ya dizeli ina kama kilo 0.84, ya maji ina kilo 1. Tangi na msingi vikiyastahimili maji, dizeli itakuwa nyepesi kwao. Weka alama nne kuzunguka msingi na uzipime kwa pima maji kabla ya kujaza, tangi likiwa limejaa, na baada ya kumwaga. Alama moja ikishuka kuliko nyingine, msingi unazama upande, na mshono wa upande huo ndio utakaochanika.

Onyo: baada ya jaribio likaushe kabisa. Maji yakibaki, vijidudu huota kati ya maji na dizeli, vinaziba filta, na asidi yake inaila bati.

## Hatua ya 3: Piga hesabu ya ukuta upya

Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Kanuni inayotumika sana ni kwamba beseni la ukuta libebe asilimia 110 ya ujazo wa tangi kubwa kuliko yote lililomo ndani. Watu huchukua ujazo huo, wanagawanya kwa eneo la sakafu, wanapata kimo cha ukuta. Hesabu hiyo inasahau kwamba vitu vilivyomo ndani ya beseni navyo vinakula nafasi.

Chukua mfano huu. Una tangi la kusimama la lita 30,000 lenye kipenyo cha mita 3 na kimo cha mita 4.25, na jingine la lita 10,000 lenye kipenyo cha mita 2. Beseni lina mita 9 kwa 6 ndani, yaani mita za mraba 54.

Hesabu ya haraka:

- Ujazo unaotakiwa: 30 × 1.1 = mita za ujazo 33
- 33 ÷ 54 = mita 0.61

Fundi anajenga mita 0.6. Sasa hesabu yenyewe:

- Tangi dogo linabaki limesimama pale hata kubwa likivuja. Linachukua mita za mraba 3.14. Eneo linalobaki ni 50.86.
- Msingi wa zege wa tangi kubwa, kipenyo mita 3.4 na kimo 0.2, unakula mita za ujazo 1.8. Ukingo wa msingi wa tangi dogo unakula kama 0.3.
- 33 + 1.8 + 0.3 = 35.1
- 35.1 ÷ 50.86 = mita 0.69
- Ongeza mita 0.1 kwa ajili ya mvua: mita 0.79. Jenga 0.8.

Ukuta ule wa mita 0.6 unabeba kiasi gani? 0.6 × 50.86, toa 2.1, unapata mita za ujazo 28.4. Tangi lenyewe lina 30. Likimwagika lote, zaidi ya lita 1,500 zitapita juu ya ukuta hata bila tone la mvua. Ndiyo maana mkaguzi anakataa, na yuko sahihi.

Kuna jambo la pili ambalo hesabu ya ujazo haionyeshi. Tangi likitoboka ubavuni, dizeli inaruka kama maji ya bomba lililotoboka. Mchirizi huo, ukifika usawa wa kichwa cha ukuta, unaweza kuwa umesogea mbali sawa na kimo cha mafuta kilichozidi ukuta. Katika mfano wetu, uso wa mafuta uko mita 4.45 kutoka sakafuni, ukuta ni 0.8, tofauti ni mita 3.65. Nafasi kati ya tangi kubwa na ukuta ni mita 1.5 tu. Mchirizi utavuka.

Kwa kiwanja kidogo, tangi la kulala ni bora. Lenye kipenyo cha mita 2, likikaa kwenye miguu ya mita 0.4, linafika mita 2.4, toa 0.8, unahitaji mita 1.6 kufika ukutani. Kama lazima liwe la kusimama, panua beseni, inua ukuta, au weka ngao ya bati upande unaoelekea mtaro na mpaka. Chochote utakachochagua, kionyeshe kwenye mchoro ulioidhinishwa.

## Hatua ya 4: Jenga beseni, kisha lijaribu

Maji yenye kimo cha mita 0.8 yanasukuma kila mita moja ya ukuta kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 320 hivi. Tofali tupu zenye lipu hazitoshi. Tumia zege lenye nondo, au tofali za matundu zilizopitishwa nondo na kujazwa zege, nondo hizo zikiwa zimefungwa na za sakafu. Sakafu iwe na mteremko wa sentimeta 1 kwa kila mita kuelekea kishimo kimoja cha kukusanyia maji.

Usipitishe bomba wala waya ndani ya ukuta. Pitisha juu yake. Kila tundu la ukutani ni mahali pa kuvuja siku moja, na mkaguzi anaanza kuangalia hapo.

Jaribio: jaza beseni maji hadi kimo cha kazi, tangi likiwa bado lina maji ndani au limefungwa imara, kwa sababu tangi tupu linaweza kuelea na kung'oka. Chora mstari wa chaki kwenye uso wa maji katika pembe zote nne. Kisha weka ndoo ya maji palepale kwenye jua lilelile, nayo ichore mstari. Baada ya saa 24 linganisha. Maji yakishuka milimita 5 kwenye ndoo na milimita 5 kwenye beseni, hilo ni jua. Beseni likishuka 20 na ndoo 5, tafuta ufa, na anzia pale sakafu inapokutana na ukuta.

Piga picha za mistari hiyo zikiwa na tarehe. Ni ushahidi bora kuliko neno la fundi.

## Hatua ya 5: Amua maji ya mvua yatatokaje

Beseni lililojaa maji ya mvua halina nafasi ya dizeli. Beseni lenye valvu iliyoachwa wazi halina maana kabisa. Makosa haya mawili ni ya kawaida, na la pili ni baya zaidi: valvu hufunguliwa asubuhi ya mvua, mlinzi akabadilishana zamu, ikasahaulika.

Njia salama ni kutokuwa na valvu. Weka kishimo na pampu ya mkono. Kama utaweka valvu, iwe nje ya ukuta ili ifikiwe hata beseni likiwa limejaa mafuta, ifungwe kwa kufuli, na ufunguo ukae kwa mtu mmoja anayejulikana.

Maji yanayotoka yapite kwenye mtego wa mafuta wenye vyumba vitatu. Bomba la kutoka chumba kimoja kwenda kingine lianzie chini kwa kiwiko, kwa sababu mafuta huelea na maji safi yako chini. Kiwiko kikianguka, mtego unageuka njia ya kupitishia mafuta kwenda mtaroni. Kiangalie kila mwezi. Ukiona mng'ao wa rangi za upinde wa mvua chumba cha mwisho, simamisha kutoa maji.

## Hatua ya 6: Pumzi ya tangi na kuzuia kujaa kupita kiasi

Bomba la kupumulia lisiwe jembamba kuliko bomba kubwa kuliko yote la kujazia au kutolea. Boza likisukuma kwa pampu kupitia bomba la milimita 75 na pumzi ni ya milimita 40, tangi linavimba. Ukivuta dizeli haraka, linabonyea. Weka pia njia ya dharura ya kutoa mvuke pale moto unapowaka nje ya tangi, kwa mfano kifuniko cha kuingilia mtu chenye boliti ndefu zinazokiruhusu kuinuka. Mafundi hupenda kukikaza kabisa kisivuje mvua. Usiwaruhusu: tangi lililozibwa na kuzungukwa na moto linapasuka.

Kiwango cha juu cha kujaza kiwe asilimia 95. Kwa tangi la lita 30,000 hiyo ni lita 28,500. Kabla boza halijafungua valvu, pima na uandike: yaliyopo 9,800, nafasi iliyobaki 18,700. Kama chumba cha boza kina lita 20,000, hazishushwi zote, hata dereva akiwa na haraka kiasi gani.

Weka vitu viwili tofauti: kipimo cha kusoma kila siku, na king'ora cha kujaa kisichotegemea kipimo hicho. Kwenye ghala la Buncefield, Uingereza, tarehe 11 Desemba 2005, kipimo cha tangi kilikwama kikaonyesha namba ileile huku petroli ikiendelea kuingia, na swichi ya pili iliyopaswa kukata haikufanya kazi. Mafuta yalifurika na mlipuko ukafuata. Swichi isiyojaribiwa ni sawa na kutokuwa nayo. Ijaribu kila miezi mitatu na uandike.

## Hatua ya 7: Ethi na moto

Tangi, pampu na kibanio cha kuunganishia boza viunganishwe kwenye ethi moja isiyozidi ohmu 10. Ipimwe kiangazi, udongo ukiwa mkavu; kipimo cha masika hudanganya. Kibanio cha boza kiondolewe rangi pale kinaposhika, chuma kiguse chuma.

Idadi ya vizima moto na nafasi kati ya tangi na majengo hupangwa na Zimamoto kwenye idhini ya mchoro. Zifuate kama zilivyo. Unga mkavu na povu ndivyo vya mafuta. Maji matupu hutawanya dizeli inayowaka. Mchanga uwe mkavu na ndoo ziwe na mifuniko, maana ndoo wazi hujaa maji na vichungi vya sigara. Katani, magunia na majani makavu yasiwemo ndani ya beseni.

## Hatua ya 8: Pata jedwali la ujazo, uanze daftari

Wakala wa Vipimo wakishapima tangi, unapata jedwali linalogeuza sentimeta za fimbo kuwa lita. Usikisie. Kwenye tangi la kulala la lita 10,000 lenye kipenyo cha mita 2, sentimeta 10 za chini kabisa zina lita kama 187. Sentimeta 10 za katikati zina kama 636. Anayepiga hesabu kwa "sentimeta moja ni lita 50" anaficha upotevu bila kujua.

Kila asubuhi andika: ya jana, iliyoingia, iliyotoka, inayotakiwa kuwepo, iliyopimwa, tofauti. Mfano: 12,400 + 18,000 − 6,350 = 24,050. Fimbo inasema 23,960. Zimepungua 90. Siku ya kupokea mzigo usiogope haraka: lita 18,000 zikipoa nyuzi 5 zinasinyaa kama lita 75. Lakini tofauti ikienda upande mmoja siku saba mfululizo, hata ikiwa lita 15 tu kila siku, simamisha matumizi na tafuta uvujaji, kuanzia kwenye gasketi za flanji na bomba lililofukiwa.

Kila mwezi zunguka tangi na karatasi: kutu, unyevu kwenye mishono, miguu, nyufa za ukuta, kufuli, mtego wa mafuta. Ukiona kasoro andika, na tarehe ya marekebisho iandikwe mstari uleule.

## Hatua ya 9: Siku ya ukaguzi

Weka mezani vibali, ripoti ya unene, picha za majaribio ya maji, cheti cha ethi, jedwali la ujazo na daftari. Awepo mtu anayeendesha tangi kila siku. Mkaguzi atamuuliza ufunguo wa valvu uko wapi na boza likimwaga atafanya nini. Jibu linalotakiwa ni la mpangilio: zima pampu, funga valvu, zuia moto na magari, zuia mafuta kwa mchanga yasifike mtaroni, toa taarifa. Sabuni na maji vya kusafishia vinasukuma dizeli ardhini na mtaroni, visitajwe.

Daftari lililoandikwa kalamu moja, mwandiko mmoja, kwa usiku mmoja, linaonekana mara moja. Bora daftari la miezi miwili lenye makosa ya kweli yaliyorekebishwa.

Ukipewa orodha ya mapungufu, omba kila moja liandikwe na kifungu chake na muda wa kurekebisha. Rekebisha, piga picha pembe ileile ya mwanzo, peleka kwa barua kabla muda haujaisha. Ukiona agizo au faini ya EWURA si ya haki, rufaa inakwenda Baraza la Ushindani, na ina muda maalumu; usikae nayo mezani. Wakati rufaa inaendelea, usivunje lakiri iliyowekwa kwenye valvu.

Umepita pale leseni inapotolewa ikiwa na ujazo uleule ulio kwenye mchoro. Itundike ofisini, andika tarehe yake ya kuisha kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, na anza maandalizi ya kuihuisha miezi mitatu kabla.